Aliyeacha Kusoma Si Mvivu

Hotuba hii niliitoa mjini Moshi mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na wapenzi wa vitabu. Naiandika yote kama nilivyoizungumza, kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wazazi, vijana wa sekondari na wa vyuo, nanyi wazee wetu mlioteremka tangu asubuhi kutoka Kibosho, Marangu na Machame: shikamooni. Wadogo zangu na wanangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze na watu waliowahi kupenda vitabu na ambao sasa hawasomi tena. Ombi hilo limenifurahisha, kwa sababu hotuba nyingi za usomaji huelekezwa kwa mtu ambaye hajawahi kuonja utamu wa kitabu, huku yule aliyeuonja ukampotea akiachwa peke yake. Huyu wa pili anajua anachokikosa. Akiulizwa siku hizi anasoma nini, hubabaika kidogo, hutaja kitabu alichokisoma miaka mingi iliyopita, kisha humalizia kwa maneno ambayo nimeyasikia mezani kwangu tangu nilipoanza kazi ya ukutubi: "Nimekuwa mvivu."

Ndugu zangu, nimekaa upande wa pili wa meza ya kuazimishia vitabu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na neno hilo nalikataa. Mvivu gani huamka saa kumi alfajiri akakamua ng'ombe, akawaandaa watoto kwenda shule, akashuka Kiboriloni na mikungu ya ndizi kabla jua halijapanda? Mvivu gani hukesha akisahihisha madaftari ya darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati? Aliyeacha kusoma si mvivu. Kuna kitu kilichomkatiza, na maadamu anakiita uvivu hatakitafuta. Atajilaumu, atajiwekea nadhiri kila Januari, na ikifika Februari atajilaumu tena.

Niruhusuni nianze na sababu ambayo haitajwi kabisa katika mikutano kama hii, nayo ni macho.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani hapa mjini, ambaye kila Jumamosi alikuwa akija maktaba kuazima riwaya za upelelezi. Alisoma kwa kasi, na alikuwa na desturi ya kunisimulia mwanzo wa kitabu bila kunimalizia, ili nami nikisome. Kisha akatoweka. Nilipopita barazani kwake kumsalimia, nikamwuliza kulikoni. Akaniambia, "Mwanangu, akili imechoka. Nikisoma ukurasa mmoja kichwa kinauma, na nyie siku hizi mnachapa vitabu kwa herufi ndogo mno." Wakati akisema hayo alikuwa amenyoosha mkono wake wote, ameishika sindano mbali na uso kana kwamba inamtisha, akijaribu kupitisha uzi; mwishowe akampa kijana anayejifunza kwake amtungie.

Je, yule alikuwa na akili iliyochoka? Alikuwa na macho ya mtu mzima, basi. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo ujanani ni laini na hubadilika umbo kila tunapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu. Kadiri umri unavyosogea lenzi hiyo hukakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi watu wengi huanza kushindwa kuona vizuri maandishi yaliyo karibu. Hali hiyo itamfika karibu kila aliyejaliwa kuishi muda mrefu, awe profesa au mkata majani ya ng'ombe. Inakuja polepole mno, ndiyo maana mtu haoni siku ilipoanza. Anachokiona ni kwamba kitabu kimeanza kumchosha. Yule mzee alipimwa, akapata miwani ya kusomea, na siku aliyorudi maktaba swali lake la kwanza lilikuwa kama kile kitabu alichokiacha katikati bado kipo.

Nawauliza nyinyi mlio na miaka arobaini na kuendelea: mara ya mwisho kupimwa macho ilikuwa lini? Mji wetu una hospitali ya KCMC, ambayo idara yake ya macho hutibu watu na kuwafundisha wataalamu. Wapo watu wanaosafiri siku nzima kuja kupimwa hapa tulipo, nasi tunaishi jirani na tunasema tumekuwa wavivu! Na wazazi, mtoto anayesogeza daftari hadi puani, au anayelalamika kichwa kila anapofungua kitabu, tafadhali msimchape. Mpelekeni akapimwe.

Nimeanza na macho kwa sababu dawa yake ni rahisi. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo naomba tukae nayo.

Siku moja nilinunua karanga Soko la Mbuyuni. Mama aliyeniuzia alizifunga katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na nilipomaliza kula nikaifungua, kwa tabia ya mtu wa maktaba ambaye hawezi kutupa maandishi bila kuyatazama. Ilikuwa mwandiko wa mwanafunzi, mzuri, wa wino wa bluu, wenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, kufaulu kwa mwandishi, kutofaulu kwa mwandishi. Chini ya kila kichwa palikuwa na hoja tano, si nne wala sita. Mtihani ulikuwa umeisha, na daftari likawa limeuzwa kwa kilo.

Msinielewe vibaya. Simlaumu mama muuza karanga, wala simlaumu mwanafunzi yule. Ninachouliza ni hiki: mwanafunzi huyo alikisoma kitabu chenyewe? Wapo wanaomaliza kidato cha nne, hata cha sita, wakiwa wamesoma vitini vya uhakiki vinavyoeleza vitabu teule, na vitabu vyenyewe hawakuvifungua hata kimoja hadi mwisho. Wanajua kwamba mhusika fulani ni "mlafi na mwenye tamaa", lakini hawakuwahi kumwona akila.

Mtoto wa darasa la pili akisimuliwa habari za sungura na fisi, yeye ndiye anayeuliza maswali. Huuliza, "Ikawaje? Halafu ikawaje?" Miaka minane baadaye swali linatoka upande mwingine: "Taja na ufafanue." Toka hapo kitabu kinakuwa kitu kinachokuhoji, na anayehojiwa hutamani mahojiano yaishe. Kwa hiyo yakiisha, kijana hufunga kitabu kwa nafuu kubwa na kuondoka. Miaka inapita, anaajiriwa, anajenga, anapata watoto, na kila akishika kitabu anahisi kwamba mwishoni kuna mtu atamwuliza hoja tano. Hajui kwamba anahisi hivyo. Anachojua ni kwamba hana hamu.

Nimemfahamu binti mmoja wa namna hiyo. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa akisoma vitabu vya hadithi hadi mama yake anamfuata maktaba jioni. Alipokwenda sekondari akawa anakuja kuandika vitini tu. Alipomaliza chuo akanijia akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba hawezi tena kusoma riwaya kwa sababu kila anapoanza anajikuta ameshika kalamu. Nilimwomba afanye jambo moja: achukue kitabu chembamba cha watoto, kilekile alichokipenda alipokuwa darasa la tano, akisome nyumbani bila kalamu na bila kumwambia mtu yeyote alichokipata ndani yake. Alicheka, akakichukua. Alikirudisha siku ya pili na akataka kingine, na akaendelea na vya watoto kwa miezi kadhaa kabla hajagusa riwaya ya watu wazima. Kuna ubaya gani? Nani aliyetunga sheria kwamba mwenye shahada haruhusiwi kusoma kitabu cha darasa la tano?

Walimu wangu, najua muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Hata hivyo naleta ombi. Tengeni kipindi kimoja kwa wiki ambapo kila mwanafunzi anasoma anachokitaka, nanyi mkiwa mmeketi mbele yao mnasoma cha kwenu. Kengele ikilia, vitabu vinafungwa. Pasiwe na swali, pasiwe na muhtasari, pasiwe na alama. Wanafunzi wana haki ya kumwona mtu mzima akisoma kitu ambacho hatahiniwa.

Sisi watu wa mkoa huu hatukuanza kusoma kwa ajili ya mtihani, na historia hiyo ni ya karibu. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata zilichaguliwa wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo sikukuu ya Uhuru. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Pangani na Tanga. Bibi zetu walikaa madarasani baada ya kutoka shambani. Walisoma ili waweze kusoma mizani ya kahawa, barua ya mtoto aliyeko mbali, na Biblia au msahafu wao wenyewe bila kumtegemea msomaji. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 waliobaki walihesabiwa kuwa chini ya mmoja katika kila kumi.

Lakini waliosimamia kazi ile waligundua jambo linalotuhusu sana leo. Mtu aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, huanza kupoteza alichojifunza. Ndiyo maana yalianzishwa magazeti ya vijijini na maktaba ndogo za vijiji: ili maarifa yale yapate kazi ya kufanya. Hawakumwita mtu mvivu. Waliuliza, je, ana kitu cha kusoma?

Jambo hili linanipeleka kwenye simu, ambayo bila shaka mlikuwa mkingoja niitaje.

Sikuja kuitukana simu. Mtu aliye na simu husoma mchana kutwa: ujumbe wa kikundi cha ukoo, tangazo la msiba, bei ya mahindi, matokeo ya mechi, mabishano juu ya matokeo ya mechi. Akihesabu maneno yote aliyoyapitia tangu alfajiri, huenda yakazidi sura nzima ya riwaya. Sasa mbona akifungua riwaya anashindwa?

Tukumbuke kusoma ni kitu gani. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na ushei tu, muda mfupi sana katika maisha ya binadamu hapa duniani, na ubongo wetu haukuzaliwa na sehemu maalumu ya kusomea. Mtoto hujifunza kusema kwa kukaa na watu wanaosema. Hajifunzi kusoma kwa kukaa na vitabu. Kila msomaji hulazimika kuzifundisha upya sehemu za ubongo zinazotambua maumbo na zile zinazosikia lugha, hadi zishirikiane. Hata jicho lenyewe halitelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Huruka na kutua, huruka na kutua, na kila mtuo huchukua takriban robo ya sekunde. Ustadi wa namna hiyo ni njia iliyokatwa kwa mikono katikati ya msitu: isipopitwa, huota majani. Anayesoma vipande vifupi kutwa nzima, akikatizwa na mlio kila baada ya dakika chache, anaizoesha akili yake kutua mara moja na kuruka. Akiikalisha mbele ya ukurasa mrefu ulio kimya, inatafuta mlio. Hamu haijafa, akili imezoea mwendo mwingine.

Habari njema ni kwamba kilichozoeshwa huzoeshwa tena, na haihitajiki nadhiri kubwa. Mwalimu mmoja wa hisabati, rafiki yangu, alikuwa na shida hii hasa. Alijaribu kwanza kwa kutenga Jumapili nzima kwa ajili ya kusoma, na kila Jumapili ikaliwa na wageni, harusi na vikao vya ukoo. Kisha akaacha kutafuta siku, akaanza kutafuta kurasa. Aliamua kurasa kumi kila usiku, simu ikiwa imebaki jikoni inachajiwa, yeye yuko chumbani. Hesabu yake, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, aliniandikia nyuma ya bahasha: kurasa 10 mara siku 365 ni kurasa 3,650, yaani vitabu 18 vya kurasa 200 kila kimoja, na kurasa zinabaki. Aliniambia kwamba siku za mwanzo alikuwa akisoma kurasa hizo kumi kama mtu anayemeza kwinini. Hakungoja hamu ije ndipo aanze. Alianza, na hamu ikamkuta njiani.

Nayasema haya nikijua kwamba mtu atasimama na kusema hana muda, na mwingine atamjibu kwa kumtaja Mwalimu Nyerere, ambaye akiwa Rais wa nchi changa alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, moja ikachapishwa mwaka 1963 na nyingine 1969. Mfano huo ni wa kweli, lakini naona tunautumia vibaya tunapoutumia kuaibisha watu. Mwalimu alikuwa akifanya jambo alilolipenda, na mtu hupata muda wa anachokipenda hata akiwa na nchi nzima mabegani. Swali lenye faida ni hili: wewe unapenda nini?

Hapo ndipo tunapofika kwenye sababu ambayo mimi, kama mkutubi, naiona kuliko zote.

Kitabu kinaporudishwa maktaba tunakipekua kabla hakijarudi rafuni, na ndani yake tunakuta alama alizoziacha msomaji: tiketi ya basi la Arusha, stakabadhi ya duka la dawa, kipande cha kanga, jani la mgomba lililokauka. Mara nyingi alama hizo hazipo mwishoni mwa kitabu. Zipo ukurasa wa kumi na nane, wa ishirini na sita, wa thelathini na moja. Pale ndipo msomaji alipochoka. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba kitabu kilichoanzwa lazima kimalizwe, hakuchukua kingine. Alikikalia wiki nyingi bila kukisoma, kikawa mlinzi aliyesimama mlangoni akivizuia vitabu vingine vyote, kisha akakirudisha na hakurudi tena.

Miaka mingi iliyopita alikuwako India mwalimu wa hisabati aliyegeuka kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, S. R. Ranganathan. Mwaka 1931 alichapisha kanuni tano ambazo wakutubi wa dunia nzima huzisoma mpaka leo. Kanuni ya pili inasema kila msomaji ana kitabu chake, na ya tatu kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Nawasihi mzishike hizo mbili. Kitabu kikikushinda, huenda kinamngoja mtu mwingine. Kirudishe bila aibu, uchukue kingine. Ukurasa wa thelathini unatosha kujua. Hata ukurasa wa kumi.

Na kitabu chako huenda kisiwe kile kinachosifiwa. Alikuja maktaba mkulima mmoja kutoka Uru, mtu mzima, ambaye aliniambia tangu mlangoni kwamba yeye si mtu wa vitabu, anataka tu kujua habari za chulebuni, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa ukimalizia kahawa yake ikiwa bado mbichi mtini. Nilimpa kijitabu cha ukulima wa kahawa, chembamba, chenye picha. Alikisoma palepale amesimama, kofia mkononi, midomo ikicheza. Aliporudi aliuliza kama kuna kitabu kinachoeleza kwa nini wazee walianza kulima kahawa kabisa. Nikampa cha historia, akakuta habari za wakulima wa Kilimanjaro waliounda chama chao mwaka 1925, na jinsi KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa mkoa huu, ilivyozaliwa mwaka 1933. Akakuta humo majina ya maeneo anayoyapita kila siku. Baadaye akataka kujua wakulima wa nchi nyingine walifanyaje, na baada ya hapo, bila kushauriwa na mtu, akaazima riwaya yake ya kwanza, kwa sababu jalada lilikuwa na picha ya shamba. Mtu aliyesema si wa vitabu! Chulebuni ndiyo iliyomwingiza.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze na kitabu gani, nami humwuliza ni jambo gani linalomnyima usingizi au linalomfurahisha. Kama ni mpira, tutaanzia kwenye mpira. Kama ni kufuga kuku, tutaanzia kwenye kuku. Kama ni ndoa, viko vitabu vya ndoa. Wanaodharau vitabu vya namna hiyo, wakisema kusoma ni fasihi kubwa tu, wamewafukuza wasomaji wengi kuliko simu zote za mji huu.

Kuhusu bei, nitasema kwa ufupi. Ni kweli kitabu kipya ni ghali kwa mtu wa kipato cha kawaida, na sitamwambia mzazi achague kati ya riwaya na unga. Lakini nchi hii iliona hilo mapema: sheria ya kuunda bodi ya maktaba za umma ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Moshi ina maktaba ya mkoa, Arusha ina maktaba ya mkoa. Ni wangapi hapa mmewahi kuingia mle ndani tangu mlipomaliza shule? Naona mikono. Naona pia kwamba ni michache.

Sababu ya mwisho ninayotaka kuigusa ni upweke. Tumezoea kudhani kusoma ni jambo la mtu mmoja na taa yake, lakini sehemu kubwa ya usomaji wa nchi hii ulifanyika katika vikundi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana vijijini katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa vijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Aliyejua kusoma vizuri alimsomea asiyejua. Hakuna aliyebaki nyuma kwa sababu ya kusoma polepole.

Nimeliona jambo hilohilo Pasua, katika kikundi cha akina mama wa vikoba. Walikuwa wakikutana kila wiki kuweka hisa, na mmoja wao, muuza vitenge, akaanza kuleta riwaya ili kuwapumbaza waliowahi wakati wakiwangoja waliochelewa. Akawa anasoma kwa sauti, akiigiza sauti ya kila mhusika, na akifika mahali pazuri anafunga kitabu na kusema, "Haya, mama zangu, fedha mezani." Mnajua kilichotokea? Waliokuwa wakichelewa wakaanza kuwahi. Baada ya muda, mama mmoja ambaye hakuweza kustahimili wiki nzima bila kujua yaliyompata mhusika alikuja maktaba kukiazima kitabu hichohicho, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiwaambie wenzangu." Nimewaficha wenzake mpaka leo, na hata leo simtaji.

Mkiwa wawili nyumbani, msomeane. Mwenye watoto, awasomee hata kama wanaweza kusoma wenyewe. Na mwenye mzazi ambaye macho yake yamekwisha kabisa, amsomee mzazi wake. Aliyepoteza hamu ya kusoma peke yake huirudia haraka zaidi akiwa na mtu anayemngoja asome.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami naheshimu saa. Pale mlangoni, upande wa kushoto, mmeona meza yenye vitabu. Vipo vya hadithi, vya kilimo, vya afya, vya watoto, na vichache vya mashairi. Kila mmoja na achukue kimoja, aandike jina lake na namba ya simu katika daftari la waandalizi, akirudishe Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakapokutana tena katika ukumbi huu, hata kama atakuwa ameishia ukurasa wa tisa. Hakuna atakayeulizwa alichokisoma. Na kwa wale walio na miaka arobaini na kuendelea, mwenzetu mmoja mtaalamu wa macho amekubali kukaa karibu na meza hiyo hadi saa kumi na moja jioni akiwa na kibao chake cha herufi. Pitieni kwake kwanza, kisha mchague kitabu. Kama kuna maswali, Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kuyapokea.